Mwanafunzi Ughaibuni na Makumbusho ya London

Makumbusho ya kitaifa ya Uingereza hayatozi kiingilio kwa anayekuja kuangalia mikusanyo yake ya kudumu. Utaratibu huo ulikamilika Desemba 2001, pale hata yale yaliyokuwa yakitoza yalipoacha kutoza, na hauulizi uraia wala viza ya anayeingia. Mwanafunzi aliyetua London juzi kutoka Dodoma, Kisumu au Bujumbura anapita mlango wa British Museum, National Gallery, Tate Modern, Science Museum, Natural History Museum au Victoria and Albert Museum, maarufu kama V&A, sawa na mwenyeji aliyezaliwa mtaa wa pili. Katika jiji ambalo chumba, nauli na hata kikombe cha chai vina bei ya kushtua, mlango wa bure ni mali. Hata hivyo wengi hukumbuka kuutumia wiki ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani, wakikimbia jengo hadi jengo na simu mkononi, na hakuna namna ya kuutumia inayochosha zaidi ya hiyo.

Sehemu ya tatizo ni mazoea yanayotoka nyumbani. Kwa wengi waliosoma Afrika Mashariki, makumbusho maana yake ni safari ya shule: basi la kukodi, sare zilizopigwa pasi, foleni ya wawili wawili, mwalimu anayehimiza, na daftari la kunakili kila maandishi yaliyobandikwa kwenye kabati la kioo. Safari hiyo huja mara moja, pengine mara mbili, katika miaka yote ya shule, kwa hiyo kila kitu lazima kionekane siku hiyo hiyo. Mazoea hayo yakihamishiwa London hayafui dafu. British Museum ina vitu takriban milioni 8, na vinavyoonyeshwa kwa wakati mmoja ni kama 80,000 tu, yaani kimoja katika kila mia. Mtu akikipa kila kilichoonyeshwa dakika moja, akafika mlango unapofunguliwa na kuondoka unapofungwa, atahitaji siku 190 bila kukosa hata moja.

Uchovu wa makumbusho umeandikwa tangu zamani. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, aliyefanya kazi Museum of Fine Arts ya Boston, alichapisha makala juu yake yenye picha za mtu akiinama, akichutama na kujikunja ili aone vitu vilivyopangwa vibaya makabatini. Mwili huchoka kwa kusimama na kwa ule mwendo wa polepole ambao si kutembea wala si kupumzika. Akili nayo huchoka kwa kusoma na kwa kuamua, kila hatua, kipi kitazamwe na kipi kiachwe. Baada ya saa moja au moja na nusu, macho hupita juu ya vitu bila kushika lolote. Aliyelipa mlangoni hujilazimisha kuendelea ili pesa yake isipotee. Aliyeingia bure hana sababu ya kujitesa hivyo. Anaweza kupita kwa dakika 40 kati ya mhadhara na mhadhara, akaona chumba kimoja, akatoka, na Alhamisi akarudi kwenye chumba kinachofuata. Makumbusho ya London yanafaa kutumiwa kama maktaba, ambako mtu huingia akifuata kitabu kimoja na rafu nyingine huziacha zimsubiri.

Ya kwanza kuyazoea, basi, ni yale yaliyo njiani. Anayesoma katika vyuo vya mtaa wa Bloomsbury, kama vile University College London au SOAS, ana British Museum kwa mwendo wa dakika chache kwa miguu. Wa Imperial College ana jirani watatu wakubwa pale South Kensington: V&A, Natural History Museum na Science Museum, yote yakiwa yameunganishwa na kituo cha treni kwa njia ya chini ya ardhi ya waenda kwa miguu iliyojengwa mwaka 1885, ambayo siku ya mvua ni neema. Wa King's College au London School of Economics anafika National Gallery, pale Trafalgar Square, kwa robo saa hivi, na jirani kabisa na London School of Economics, uwanjani Lincoln's Inn Fields, kuna Sir John Soane's Museum: nyumba ya msanifu majengo aliyejaza vyumba vyake sanamu na mawe ya kale hadi darini, na ghorofa ya chini akaweka jeneza la jiwe la Farao Seti wa Kwanza.

Makumbusho madogo yanastahili nafasi kubwa kuliko yanayopewa na wageni. Petrie Museum, iliyomo ndani ya University College London, ina vitu kama 80,000 vya Misri na Sudan vilivyobanwa katika vyumba ambavyo mtu anaweza kuvizunguka kabla chai yake haijapoa. Humo mna gauni la Tarkhan, vazi la kitani lenye umri unaozidi miaka 5,000, lililoshonwa mikunjo midogo midogo mabegani na kwenye mikono kwa namna ambayo fundi cherehani yeyote wa Kariakoo angesimama kulikagua. Chumbani humo hakuna msongamano. Mtu anaweza kukaa na gauni hilo robo saa nzima bila kusukumwa, jambo lisilowezekana mbele ya Jiwe la Rosetta kule British Museum, ambako umati huwa umelizingira tangu asubuhi. Karibu na hapo kuna Grant Museum ya elimu ya wanyama, kumbi za Wellcome Collection zinazohusu afya na mwili wa binadamu, na Brunei Gallery ya SOAS. Zote ni bure. Nyingine hufunguliwa kwa saa chache au siku chache za wiki, kwa hiyo tovuti itazamwe kabla ya kutoka.

Mbali kidogo na katikati ya jiji yako makumbusho mawili ambayo mwanafunzi kutoka Afrika asiyakose. London Museum Docklands imo ndani ya ghala lililojengwa mwaka 1802 kwa ajili ya sukari iliyoletwa kutoka visiwa vya Karibi, na tangu 2007 lina ukumbi wa kudumu unaoeleza jinsi sukari na utumwa vilivyoijenga London. Kusoma habari hiyo ndani ya ghala lenyewe, chini ya mihimili ile ile ya mbao, kuna uzito ambao kitabu hakina. La pili ni Horniman Museum, kule Forest Hill kusini mwa jiji, ambalo Novemba 2022 lilihamishia kwa Nigeria umiliki wa vitu 72 vilivyoporwa mji wa Benin, nchini humo, mwaka 1897.

Kuhusu saa, mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili achunge hesabu. Saa 10:00 iliyoandikwa mlangoni ni saa nne asubuhi, na 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Walioichukua 10:00 kuwa saa kumi jioni wamefika makumbusho yakiwa yanakaribia kufungwa. Mengi hufunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, na milango ya vyumba huanza kufungwa kabla ya hapo. Siku ya kuijua ni Ijumaa: British Museum hubaki wazi hadi saa mbili na nusu usiku, National Gallery hadi saa tatu, na V&A hadi saa nne. Jioni hiyo makundi ya watalii yamekwisha kurudi hotelini na watoto wa shule hawapo, na kumbi zinakuwa na utulivu usiopatikana mchana. Wakati mbaya kuliko wote ni likizo za shule za Kiingereza, hasa ile ya wiki moja katikati ya muhula, mwezi Februari na Oktoba, ambapo Natural History Museum hugeuka kuwa uwanja wa watoto. Sikukuu za Krismasi makumbusho makubwa hufungwa kuanzia Desemba 24 hadi 26.

Majira ya baridi yana mambo yake. Katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni. Kwa Mwislamu hii ina maana kwamba adhuhuri, alasiri na magharibi huingia ndani ya muda wa saa nne hivi, kwa hiyo ziara ya mchana mzima ni vigumu kuipanga bila kukatizwa. Walio Bloomsbury wana nafuu kwa kuwa vyuo vya pale vina vyumba vya sala. Kwingineko inafaa kuvunja ziara vipande viwili au kuiweka usiku wa Ijumaa. Lakini majira hayo hayo ndiyo makumbusho yanapomfaa mwanafunzi kuliko wakati mwingine wowote. Jumapili ya Januari, chumba kikiwa na baridi, wenzake wamekwenda kwao na nyumbani simu haipokelewi, kuna jengo lenye joto, mwanga na viti ambalo halimtaki anunue kitu ili akae. Upweke wa mwaka wa kwanza ni jambo zito kwa wengi, na kuwa na mahali pa kwenda panapofahamika, hata kama ni benchi moja mbele ya picha moja, husaidia zaidi ya inavyodhaniwa.

Nauli ipigiwe hesabu kabla, kwa sababu ndiyo gharama halisi ya ziara ya bure. Basi ni rahisi kuliko treni ya chini ya ardhi: kwa miaka ya karibuni safari moja imekuwa pauni 1.75, na nauli hiyo humruhusu abiria kubadilisha mabasi ndani ya saa moja bila kulipa tena. Kadi ya usafiri ya wanafunzi wenye umri wa miaka 18 na zaidi hupunguza asilimia 30 ya tiketi za wiki, za mwezi na za mwaka, lakini si nauli ya safari moja moja. Anayesafiri siku mbili tu kwa wiki apime kwanza kama itamfaa.

Begi dogo ni bora kuliko kubwa. Mlangoni mabegi hukaguliwa, masanduku ya safari hukataliwa mahali pengi, na kuhifadhi koti au mzigo mara nyingi hulipiwa. Foleni ya ukaguzi huwa nje, kwenye upepo na mvua, ilhali ndani kuna joto, kwa hiyo nguo za kuvaa tabaka kwa tabaka zinafaa kuliko koti moja zito. Makumbusho yanayopendwa zaidi hutoa tiketi za bure zenye saa maalumu kupitia tovuti; si lazima kila mara, lakini mwenye nayo hupita haraka. Migahawa ya ndani ni ya bei ya kitalii. Chakula cha kubeba kutoka nyumbani hakina aibu yoyote: wengi hula kwenye ngazi za mbele za British Museum, na South Kensington yako maeneo ya ndani yaliyotengwa kwa wenye vyakula vyao. Kalamu ya wino iachwe begini. Vyumba vingi huruhusu kuchora na kuandika kwa penseli tu, na mahali pengi picha hupigwa bila mwanga wa kamera.

Akishaingia, mwanafunzi afanye nini? Njia inayofanya kazi ni kuzunguka chumba kimoja haraka, bila kusoma chochote, kwa dakika tano, kisha kurudi kwenye kitu kimoja kilichomkamata jicho. Hapo asimame. Kwanza akitazame kabla ya kusoma maelezo: kimetengenezwa kwa nini, kimechakaa wapi, mkono ulikishika upande gani, kimekosa kipande gani. Kuchora husaidia hata kwa asiyejua kuchora, kwa sababu mkono hulilazimisha jicho kuona kile ambacho lingekiruka. Mchoro mbaya wa mtungi humwachia mtu kumbukumbu ya mdomo wake, shingo yake na mshikio wake kuliko picha kumi za simu. Baada ya hapo ndipo asome kibao. Akianza na kibao, ataona tu kile alichoambiwa. Vitu vitatu kwa ziara moja vinatosha. Yako pia matembezi ya bure yanayoongozwa na watu wa kujitolea, ya nusu saa au zaidi, British Museum na V&A; kwa mgeni wa Kiingereza cha London hayo ni darasa la lugha pia, maana msemaji yupo, kitu kipo, na maana ya neno huonekana kwa macho.

Kibao cha maelezo kina sehemu ambayo wengi huiruka na ambayo ina habari kuliko zote: mstari wa mwisho, wenye namba na jina la aliyekitoa. Namba za British Museum za vitu vya Afrika aghalabu huanza na herufi Af, kisha mwaka wa kuandikishwa, kisha mwezi na siku, kisha namba ya kitu chenyewe. Mabamba mengi ya shaba ya Benin yana namba zinazoanza na Af1898,0115. Anayejua kusoma namba hiyo anaona kwamba yaliandikishwa Januari 15, 1898, na anayejua kuwa jeshi la Uingereza liliivamia na kuichoma Benin Februari 1897 anaona kwamba hata mwaka mmoja haukupita. Kibao kinaweza kutumia maneno ya upole, kwamba kitu kilipatikana, kilikusanywa, kilitolewa na fulani. Namba haina upole. Kwa mwanafunzi wa historia, sheria au siasa, tabia ya kunakili namba kamili ya kila kitu anachokitaja ina faida nyingine ya kawaida: kwa namba hiyo atakipata kitu kwenye orodha ya mtandaoni usiku akiwa chumbani kwake, na mwalimu wake ataweza kukihakiki.

Orodha hizo za mtandaoni ndizo mahali pazuri pa kuanzia kwa anayetaka kutafuta vya kwao. Akiandika Zanzibar, Lamu, Kilwa, Mombasa au Olduvai (yaani Oldupai) kwenye orodha ya British Museum atakuta mengi, na kila kimoja kimeelezwa kama kimo ukumbini au kimo stoo. Kimojawapo ni jiwe la kukatia lililotoka Bonde la Oldupai, lililochukuliwa na msafara wa mwanaakiolojia Louis Leakey mwaka 1931, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.8, ambalo ni miongoni mwa vitu vya kale zaidi vilivyotengenezwa na mkono ambavyo jengo hilo linavyo. Kuna vigae vya Kilwa Kisiwani vilivyookotwa ufukweni, vya vyombo kutoka China, nchi za Kiarabu na vya kufinyangwa papo hapo pwani. Vyote viwili vilichaguliwa katika vitu mia moja vya mfululizo wa redio ya BBC wa mwaka 2010 uliosimulia historia ya dunia.

Vyumba vya Afrika vya British Museum viko ghorofa ya chini kabisa, chumba namba 25, vilivyofunguliwa mwaka 2001. Anayeshuka huko hukuta kazi za wasanii walio hai kando ya za kale, uamuzi mzuri unaozuia Afrika kuonekana kama bara lililokwisha. British Museum ina mitungi ya Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, inayofinyangwa bila gurudumu na kung'arishwa hadi ikang'aa kama ngozi. Ina Mti wa Uhai uliotengenezwa na wasanii wa Msumbiji kwa bunduki zilizosalimishwa baada ya vita. Ina kanga pia, mkusanyo mkubwa wa kanga za Kenya na Tanzania. Mbele ya kanga, msemaji wa Kiswahili yuko juu ya kila mtu mwingine chumbani. Wengine wanaona rangi na pindo, kisha wanasoma tafsiri. Yeye analisoma jina lenyewe, anajua linasemwa na nani kwa nani, anasikia kijembe kilichomo, na anaweza kubaini tafsiri ikiwa imekosea.

Ndipo linapokuja jambo ambalo wageni wa Kiafrika hawaelezwi vya kutosha: wana la kuwafundisha wenye nyumba. Kule Oxford, mwendo wa takriban saa moja kwa treni kutoka London, Pitt Rivers Museum limekuwa likifanya kazi na Wamaasai wa Kenya na Tanzania tangu mmoja wao alipolitembelea mwaka 2017 na kuhoji maelezo aliyoyakuta. Wawakilishi waliofuata walitambua vitu vitano ambavyo havikupaswa kutoka mikononi mwa wenyewe, kwa kuwa ni vya familia na hurithishwa. Kosa la kibao lilionekana kwa sababu mtu aliyekijua kitu alisimama mbele yake na kusema. Mwanafunzi anayekuta ungo umeitwa sahani, au kabila limeandikwa kwa jina lisilo lake, anaweza kufanya vivyo hivyo. Amwandikie mtunza mkusanyo baruapepe fupi yenye namba ya kitu, kilichoandikwa, kilicho sahihi na namna anavyokijua, iwe ni kwa bibi yake, kwa fundi wa kijijini au kwa kitabu. Watunzaji hupokea barua kama hizo kwa shukrani mara nyingi kuliko vinginevyo, na orodha za mtandaoni husahihishwa.

Lakini si kila kinachotafutwa kitaonekana. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na imo stoo ya British Museum. Wazee wa Kipokomo wamekuwa wakiidai. Ni moja tu kati ya vingi: utafiti wa pamoja wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na washirika wa nje umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Sheria ya British Museum ya mwaka 1963 inaizuia kutoa vitu vyake isipokuwa kwa sababu chache sana, na sheria za namna hiyo ndizo zilizofanya dhahabu ya Waasante wa Ghana iliyopelekwa Kumasi mwaka 2024, vitu 32 kutoka British Museum na V&A, iende kwa mkopo. Mwanafunzi atakayeguswa na hasira au huzuni mbele ya kabati asidhani amekosa adabu ya mahali. Ajipe muda, akae, aende na mwenzake wa kuzungumza naye siku nyingine. Na kama somo lake linaruhusu, hapo ana mada ya tasnifu ambayo wenzake wengi hawaiwezi, kwa sababu hawajui lugha ya walioporwa.

Kwa kazi ya namna hiyo, kumbi za wazi hazitoshi. Makumbusho makubwa yana vyumba vya kusomea ambamo mtu huletewa kitu au mchoro alioomba, kwa miadi, na mwanafunzi wa kawaida huruhusiwa. Aombe wiki kadhaa mapema na aeleze anachotafuta. Rahisi kuliko zote sasa ni V&A East Storehouse, stoo iliyofunguliwa kwa umma Mei 31, 2025, katika bustani ya Olimpiki mashariki mwa London. Humo mna vitu zaidi ya 250,000, na mtu yeyote anaweza kuchagua hadi vitano kupitia mtandao, wiki mbili kabla, kisha akaviona karibu akiwa na mfanyakazi pembeni, bila kulipa. Kuingia humo kunamwonyesha mtu kitu ambacho ukumbi huficha: rafu hadi darini, na ukubwa wa kile kisichoonyeshwa.

Maonyesho ya muda ndiyo yanayolipiwa, mara nyingi zaidi ya pauni 15. Si lazima kuyaona yote. Mawili kwa mwaka, yaliyochaguliwa vizuri, yanatosha. Wenye miaka 16 hadi 25 wajiandikishe Tate Collective, ambayo haina ada na huwapa tiketi za pauni 5 kwa maonyesho ya Tate. Kuna pia kadi ya wanafunzi ya Art Fund, ya bei ndogo, inayopunguza bei za maonyesho kote nchini. Kadi ya chuo iwe mfukoni daima. Anayevutiwa kufanya kazi makumbusho akumbuke masharti ya viza ya mwanafunzi: kwa wengi wanaosoma shahada, kazi haipaswi kuzidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na hata kazi isiyo na mshahara inaweza kuhesabiwa ndani ya saa hizo. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo iulizwe kwanza, kwa maandishi.

Walio miji mingine watakuta taratibu tofauti, na kila mji una mlango wake wa nafuu unaohitaji kuulizwa. Washington ina makumbusho ya Smithsonian, ambayo ni bure kama ya London. Metropolitan Museum ya New York huwaruhusu wakazi wa jimbo hilo, pamoja na wanafunzi wa vyuo vya New York, New Jersey na Connecticut, kulipa kiasi wanachotaka wenyewe, mradi waonyeshe kitambulisho. Louvre ya Paris haiwatozi vijana wa chini ya miaka 26 wanaoishi katika nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya. Kinachoangaliwa ni makazi, kwa hiyo Mtanzania au Mkongomani mwenye kibali cha kuishi Ufaransa naye anahesabiwa.

Berlin mara nyingi hutoza, ila kwa punguzo la mwanafunzi, na kwa mtu wa kusini mwa Tanzania Museum für Naturkunde inastahili bei hiyo. Katikati ya ukumbi wake amesimama Giraffatitan, dinosaria mwenye urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani, aliyechimbuliwa Tendaguru, karibu na Lindi, kati ya 1909 na 1913. Mifupa hiyo ilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Wachimbaji waliongozwa na Boheti bin Amrani, msimamizi aliyejua kuifungua mifupa kutoka ardhini bila kuivunja. Anayefika pale aanze kwa kusimama miguuni pa mnyama na kuinua macho hadi shingo iishie, kisha azunguke makabati akilitafuta jina la Boheti.